Submariner haipatikani: tuvae saa gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka saa moja tu, Rolex Submariner, ile ya chuma yenye uso mweusi na ringi ya dakika inayozungushwa. Wapo walioisubiri hadi wakachoka, wapo wanaotafuta inayofanana nayo, na wapo walio mbioni kuuziwa kopi. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kosa lingemla msomaji fedha.

Fedha ninayo, saa sipewi

*Nimeweka akiba miaka minne. Wakala rasmi walichukua jina langu na namba ya simu, na sasa mwaka wa pili unakatika bila kupigiwa. Hiyo foleni ipo kweli? – Msomaji, Birmingham, Uingereza*

Foleni ya kupewa namba na kungoja zamu yako haipo. Kinachoitwa orodha ni daftari la watu walioonyesha nia, na saa ikifika wakala ndiye anayeamua apigiwe nani. Kwa kawaida hutangulia mteja ambaye ameshanunua vitu vingine dukani humo. Rolex hawauzi kwenye mtandao, na ingawa hukadiriwa kutengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka, watu wengi wanagombea aina zilezile chache za chuma. Kiwanda kipya wanachokijenga Bulle, Uswisi, kimepangwa kufunguliwa 2029. Usitegemee mambo kulegea karibuni.

Ukitaka hiyohiyo na si nyingine, tangu Desemba 2022 baadhi ya mawakala huuza Rolex zilizokwisha kuvaliwa, zikakaguliwa na kampuni yenyewe, zikiwa na dhamana ya miaka 2. Jiandae tu kwamba Submariner ya chuma kwa njia hiyo mara nyingi ni ghali kuliko bei ya mpya, ambayo nayo imepita dola 9,000 za Marekani.

Kabla ya kutoa kiasi hicho, tenganisha vitu vitatu ambavyo saa hii imevifunga pamoja: sura yake, uwezo wake majini, na mashine iliyomo. Sura ni rahisi kuipata. Uwezo wa mita 200 majini nao siku hizi unauzwa chini ya dola 100. Ghali ni mashine na umaliziaji: Submariner ya sasa hupotea sekunde 2 tu kwa siku, mbele au nyuma, na hukaa saa 70 ikiwa imevuliwa bila kusimama. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo kinachokuvuta, utajua pia ni fedha kiasi gani zinatosha.

Saa ya baharini kwa dola mia

*Assalaam aleikum. Kazi yangu ni kupeleka wageni kwenye miamba kuangalia samaki, kutwa nimo kwenye maji ya chumvi. Sura ya Submariner naipenda ila mfuko hauzidi dola mia. – Msomaji, Lamu*

Waaleikum salaam. Tafuta Casio MDV-106 au MDV-107. Ni saa za betri, zinahimili mita 200, na kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa hukazwa kwa skrubu. Ringi inazunguka upande mmoja tu, kwa mibofyo 120. Hilo la upande mmoja si pambo. Mzamiaji huweka alama ya pembetatu mbele ya mshale wa dakika anapoingia majini. Ringi ikigongwa na mwamba ikasogea, itamwonyesha kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko alivyokaa, naye atapanda mapema. Ingeweza kurudi nyuma, angebaki chini hewa ikimwishia.

Udhaifu wake ni kioo. Kioo cha kawaida kina ugumu wa kati ya 5 na 6 katika kipimo cha Mohs, kwatzi iliyomo kwenye mchanga ni 7, na safaya, kioo kigumu cha saa za bei ya juu, ni 9. Ndiyo maana kuifuta saa yenye mchanga kwa shati kunachora mistari. Isuuze kwanza, ndipo uifute. Udhaifu wa pili ni ukubwa: karibu milimita 44, mkono mwembamba utaiona nzito.

Kila jioni, kifundo kikiwa kimekazwa, ipitishe kwenye maji ya bomba huku ukizungusha ringi mara mbili tatu. Chumvi ikikauka chini ya ringi hugeuka punje, na baada ya miezi kadhaa ringi hugoma kabisa. Mkanda wa plastiki ukichoka, weka wa nailoni wa kipande kimoja, upana milimita 22, ule unaopita chini ya saa. Pini moja ikikatika, ya pili huishikilia na saa haizami.

Ukiweza kuongeza fedha, Citizen Promaster BN0150 inaendeshwa kwa mwanga, ikishiba hukaa gizani takriban miezi 6, na imetimiza ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji. Faida kubwa kwa mtu wa kazi yako ni kwamba haifunguliwi kila baada ya miaka mitatu kubadilishiwa betri. Saa nyingi za maji hazifi baharini. Hufia mezani kwa fundi aliyefungua kifuniko akakirudisha bila kuangalia oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji.

Zawadi ya bwana harusi

*Habari za kazi, ndugu wahariri. Mdogo wangu anaoa Desemba na familia imenipa jukumu la saa. Yeye anataja Submariner, sisi tumechanga kama dola 250. Fundi wangu Kariakoo anasema otomatiki za bei hiyo zote ni sawa. Ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam*

Kwa upande wa mashine fundi wako hajakosea sana. Otomatiki, yaani saa isiyo na betri inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, nyingi katika bei hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde, wakati Submariner hupiga 28,800, mara 8. Mshale wa sekunde wa Rolex unateleza, wa hizi unarukaruka kidogo. Akiba ya nguvu ya hizi, yaani muda zinaokwenda zikiwa zimevuliwa, ni kama saa 40. Bwana harusi akiivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi ataikuta imelala, ilhali Submariner ingefika Jumatatu.

Tofauti kubwa iko kwenye ganda. Orient Kamasu ina kioo cha safaya, kifundo cha skrubu, mita 200, na mashine ya Orient wenyewe, F6922, ambayo inaweza kutiwa ufunguo kwa mkono na husimamisha mshale wa sekunde unapoiseti. Seiko 5 Sports za safu ya SRPD zinapendeza na zina rangi nyingi, ila kioo chake si safaya, kifundo hakina skrubu na uwezo ni mita 100. Invicta 8926OB ndiyo inayofanana zaidi na Submariner kwa sura: milimita 40, mita 200, mashine ya NH35 ambayo fundi yeyote mzuri anaijua na vipuri vyake havisumbui. Lakini kioo si safaya, na jina la kampuni limechongwa kwa herufi kubwa ubavuni. Sisi tungenunua Kamasu. Zawadi ya harusi itavaliwa miaka, na kioo chenye mikwaruzo ndicho kinachoichakaza saa mapema machoni pa watu.

Usinunue kabla ya kuupima mkono, na upana wa uso wa saa peke yake hautoshi. Kata kipande cha karatasi, kilaze juu ya kifundo cha mkono wa mdogo wako pale saa inapokaa, weka alama mahali ubapa unapoanzia na unapoishia. Umbali kati ya alama hizo lazima uzidi urefu wa saa kutoka masikio ya juu hadi ya chini yanayoshika mkanda. Kwa Kamasu urefu huo ni karibu milimita 47. Masikio yakitokeza nje ya mkono, hata saa ya dola 9,000 itaonekana ya kuazima.

Mfundishe jambo moja zaidi. Asibadilishe siku na tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3. Muda huo meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana, na kulazimisha huvunja jino. Saa ikiwa imelala, azungushe kwanza mishale hadi tarehe ijibadilishe yenyewe. Hapo atajua kuwa ni usiku wa manane. Aisogeze mbele hadi mshale mfupi ufike kwenye namba 6, yaani saa 12 asubuhi, kisha ndipo aseti tarehe.

Imeandikwa 30M, mbona imeingia maji?

*Niliogelea dakika kumi tu, tena kina cha kifua. Nimeibiwa? – Msomaji, Bagamoyo*

Hukuibiwa, ila maandishi hayo yanapotosha watu wengi. Mita 30 ni shinikizo ambalo saa mpya, iliyotulia, yenye oringi mpya, ilihimili kwenye jaribio. Ina maana ya mvua na kunawa mikono. Mita 50 unaweza kujitosa kidogo, mita 100 ogelea utakavyo, na kuzamia na mtungi wa hewa anza na mita 200 yenye kifundo cha skrubu. Oringi hukauka na kupoteza mnyumbuko, hasa kwa jua, manukato na maji ya moto yenye sabuni, kwa hiyo namba ya nyuma ya saa ya miaka mitano si ahadi tena mpaka ipimwe upya. Fundi mwenye mashine ya shinikizo la hewa hupima bila hata kuilowesha.

Kama ni ukungu tu umeonekana kwenye kioo, usiiweke kwenye mchele wala juani. Legeza kifundo, kivute hadi mwisho ili saa isimame na unyevu upate tundu la kutokea, kisha ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo afungue, akaushe na abadilishe oringi. Kama ni maji ya bahari, hata saa chache ni nyingi, kwa sababu vyuma vya ndani vya mashine, tofauti na ganda, hushika kutu haraka.

Kopi ya "daraja la juu"

*Jamaa mtaani ananiuzia Submariner kwa shilingi 12,000. Anasema hata wenye duka hawaitambui. – Msomaji, Nairobi*

Ndugu yetu, kwa fedha hiyo ungekaribia ile Casio tuliyomtajia msomaji wa Lamu, yenye jina lake halisi na mita 200 za kweli. Kopi ya bei hiyo huandikwa mita 300 usoni, lakini hakuna aliyeipima. Ikiharibika, fundi hakuti kipuri wala hajui mashine imetoka wapi, na wengi hukataa kabisa kuigusa. Kuiuza tena ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia.

Zipo alama za haraka. Kifuniko cha nyuma cha Submariner ya kawaida ni chuma kitupu. Ikiwa na dirisha la kuonyesha mashine, achana nayo papo hapo. Lenzi iliyo juu ya tarehe inakuza mara 2.5, tarehe inalijaza jicho, ilhali kwenye kopi nyingi inabaki ndogo. Ukiona mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, humo ndani mna betri. Hata hivyo kopi za bei kubwa zaidi zinapita majaribio haya yote, na hapo hukumu ni ya fundi aliyeifungua, si ya macho yako.

Usichanganye kopi na saa inayoiga sura tu. Invicta inafanana na Submariner, lakini usoni imeandikwa Invicta. Hilo ni halali, na mvaaji wake hajamdanganya mtu.

Inakimbia dakika 6 kwa siku

*Nilifuata ushauri wa watu nikanunua yenye mashine ya NH35. Mwezi wa kwanza ilikuwa safi, sasa inakimbia dakika 6 kila siku. – Msomaji, Kigali*

Mabadiliko ya ghafla namna hiyo kwa kawaida ni sumaku. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, inayopumua na kuamua mwendo wa saa. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Chanzo huwa karibu: spika, kifuniko cha tableti, kifungo cha mkoba, kava la simu.

Pitisha saa taratibu juu ya dira ya kawaida, ile ya sindano. Sindano ikicheza, umepata jibu. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo na fundi wengi wanacho. Saa huwekwa juu yake, kitufe hubonyezwa, na kitufe kikiwa bado kimebonyezwa saa huinuliwa polepole hadi urefu wa mkono, ndipo kitufe huachiwa. Ukiachia saa ikiwa bado juu ya kifaa, unaweza kuiongezea sumaku.

Ikishasafishwa, usitarajie mwendo wa Rolex. NH35 imeruhusiwa na kiwanda kuchelewa sekunde 20 au kukimbia sekunde 40 kwa siku. Sekunde 40 kwa siku ni dakika 20 kwa mwezi. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, na fundi mwenye kipimo anaweza kuirekebisha ikaribie sekunde 10. Anayechukia kuiseti saa anunue ya betri, ambayo kosa lake la mwezi mzima ni kama sekunde 15 hadi 20.

Yenye jambia, au Tudor mpya?

*Salaam kutoka Maskati. Nina kama dola 4,500. Dalali ananionyesha Rolex ya zamani yenye nembo ya jambia usoni, anasema ni ya zama za Sultan Qaboos. Au ninunue Tudor Black Bay 58? – Msomaji, Maskati*

Nembo hiyo ina historia ya kweli. Miaka ya 1970 Oman iliagiza Rolex zenye jambia, nyingi kupitia duka la Asprey la London, ziwe zawadi. Wakusanyaji duniani huzilipia sana, na kwa sababu hiyohiyo kuchapa jambia kwenye uso wa kawaida kumekuwa biashara ya matapeli. Iliyo halali haiuzwi dola 4,500. Bei hiyo peke yake inatosha kukufanya ukatae.

Tudor ilianzishwa na Hans Wilsdorf huyohuyo aliyeanzisha Rolex. Black Bay 58, iliyotoka 2018, ina milimita 39, mita 200, na akiba ya saa 70 kama Submariner. Ukihesabu sura, bahari na mashine kwa pamoja, hakuna iliyo karibu zaidi. Chini yake ipo Longines HydroConquest, mita 300, kwa karibu nusu ya bei. Ukinunua iliyovaliwa, dai boksi na kadi ya dhamana, linganisha namba ya saa na ya kadi, na sharti liwe ipimwe shinikizo mbele yako kabla ya malipo. Tenga pia fedha ya kuihudumia: kuifungua mashine yote, kuisafisha na kuitia mafuta upya kwa saa ya Uswisi ni mamia ya dola.

Cheni inacheza mkononi

*Nikiinua mkono saa inashuka hadi kiwiko. Naweza kupunguza mwenyewe? – Msomaji, Zanzibar*

Unaweza, kwa nyundo ndogo, msumari mwembamba wa kusukumia pini na kitambaa cheupe chini ili kisichoonekana kisipotee. Geuza cheni uone mishale iliyochongwa upande wa ndani. Pini husukumwa kutoka kufuata mshale, na hurudishwa kwa kuingilia upande wa pili, kinyume cha mshale. Kuipiga kinyume wakati wa kutoa ndiko kunakopinda pini na kupasua tundu.

Toa viungo kwa usawa pande zote mbili za kishikizo, na vikiwa idadi isiyogawanyika, kile kimoja cha ziada kitoke upande wa namba 6 ya uso wa saa. Kwenye baadhi ya Seiko na Citizen, katikati ya kiungo kuna kibomba kidogo kinachoishika pini. Ndicho kinachoanguka kimya kimya. Usipokirudisha, pini itaingia vizuri, utaivaa wiki moja, na siku ya nane saa itakuwa sakafuni. Ukimaliza, kidole kidogo kiweze kupita chini ya kishikizo kwa kubana, kwa sababu mkono huvimba mchana wa joto. Viungo ulivyotoa vitie kwenye boksi pamoja na kadi ya dhamana. Saa isiyo na viungo vyake vyote hushuka bei siku ya kuiuza.